Maelekezo kwa Mpangaji wa Siku Nne

Funguo ni tatu. Ule mkubwa ni wa lango la nje:
unageuzwa kushoto, si kulia kama akili inavyokutuma,
kisha usukume mlango kwa bega kama mtu anayeudai.
Wa pili ni wa lifti. Lifti hubeba watu wawili,
au mtu mmoja na sanduku. Usiibishie.
Wa tatu ni wa chumba. Karibu Budapest.

Nyumba yetu imeuzunguka ua.
Ukipiga chafya ghorofa ya nne,
Bwana Zsigmond wa chini hukuombea afya.
Kwa hiyo sanduku lako la magurudumu, ikipita saa nne usiku,
libebe mikononi kama mtoto aliyelala.

Tiketi ya treni ya chini, kuinunua hakutoshi.
Igonge muhuri kwenye kile kisanduku kabla hujashuka ngazi.
Wakaguzi wanangoja huko chini, utepe mkononi,
hawana kelele wala huruma,
na neno "mimi mgeni" wameshalisikia kwa lugha arobaini.
Mmoja wao ni mpwa wangu, Botond.
Hata mimi alinitoza faini. Akanipa na risiti.

Fedha usibadilishe stesheni.
Noti zetu zina sifuri nyingi: utajiona tajiri
kwa dakika kumi, kisha utaagiza kahawa.

Sokoni panda juu, ule lángos.
Ni unga uliokaangwa ukafura kwa hasira,
wakaupoza kwa kitunguu saumu, malai na jibini.
Liwa kwa kusimama. Shati jeupe liache nyumbani.
Na mgahawani ukiletewa supu ya cheri, ni baridi.
Hawajasahau kuipasha.

Bia, usiwahi kugonganisha glasi.
Wazee wana kinyongo na mlio huo tangu vita vya mababu,
vijana hawajali.
Angalia kwanza mvi za mezani.

Bafuni nenda alfajiri, saa kumi na mbili,
kabla ya mabasi ya watalii.
Maji yanatoka ardhini yakiwa moto, yana harufu ya yai viza.
Usikunje pua, itazoea kabla ya ngozi.
Utawakuta wazee wamezama hadi kifuani, wanacheza sataranji.
Usiwapige picha. Simama kando, nyamaza, fuata mchezo.
Mmoja akisogea nusu hatua bila kukutazama,
basi umepewa nafasi.
Dezső wangu alicheza pale kila Jumanne,
miaka thelathini na mmoja.
Alikuwa bingwa wa kushindwa.

Jioni kila mtu atakwambia uende ukatazame taa za madaraja.
Nenda, ni nzuri kweli.
Lakini ukifuata mto upande huu wetu, karibu na Bunge,
utaona viatu ukingoni, vya chuma, vya kike na vya kiume,
na vya watoto, vidomo vyake vimeelekea majini.
Wenyewe waliamriwa wavivue kwanza.
Utaona watu wanatia miguu yao humo ili wapigwe picha.
Wewe usitie.
Shangazi yake mama alivaa namba thelathini na sita.
Zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kuniambia.

Nilikuwa nasema nini? Gesi.
Kitasa cha jiko kikaze mpaka kilie.
Dirisha la chooni halifungi, mimi najua, usihangaike.
Siku ya kuondoka, funguo zote tatu ziache
ndani ya birika la bluu.

Na jambo moja, nimelikumbuka wino unaisha.
Bafuni ndara za kukodi ni ghali, tena zinateleza.
Juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki,
zimo za Dezső, namba arobaini na tatu.
Zikikuenea, zichukue.
Ila uzirudishe. Usizikaushe,
ziweke mlangoni hivyohivyo, zinachuruzika,
nizikute asubuhi.

Etelka, mlango wa mkabala