Kikombe au Mlango

Shamba la Balgarrok, Angus, viazi vimeshavunwa.
Mashine ilikoroma; haukuwa mlio wa fedha,
ulikuwa wa kitu kizito kisicho na haraka.
Effie akachimbua kwa kisu cha mkate:
risasi. Si ile ya bunduki,
hii ililala miaka yote bila kumtafuta mtu.

Hatukuisugua. Hilo tulijifunza kwa hasara,
pale muhuri wa kwanza ulipobaki uso mtupu
chini ya mswaki wa dada yangu na siki yake.
Safari hii maji ya mvua tu, na njiti ya kiberiti
kutoa udongo kwenye matundu mawili ya kamba.

Kamba ilishaoza. Kitani chenyewe kilishakuwa
shuka, tanga, sanda,
na makapi yake yakarudi shambani na samadi
yakiuburura muhuri wa forodha ya Kirusi
hadi chini ya viazi vyetu.

Tukalaza taa ubavuni, vivuli visimame.
Herufi moja kama kikombe.
Moja kama ngazi iliyokatwa mshazari.
Kisha tarakimu mbili, nyingine zimeliwa na plau: 81.
Effie akaandika 1781, kwa kuwa alitaka,
akapiga mstari mara mbili,
na kwa majira mawili ya baridi tuliishi mwaka huo.
Tulimtafutia babu wa babu yetu kazi bandarini Montrose,
tukampa mkokoteni,
tukampa hata kikohozi.

Daiva, anayechuma stroberi kwa jirani, alikuja kuazima ngazi.
Herufi zile alifundishwa na bibi yake kule Lithuania,
akazisoma kwa shingo upande.
Hakuuliza. Aliigeuza risasi kwa kidole kimoja, juu chini.
"Si kikombe. Ni mlango. Una miguu miwili."
Na hii ya mshazari?
"Hiyo haijali kichwa wala miguu."

Basi 18. Basi 1818.
Miaka thelathini na saba ilimwagika mezani,
na babu akaondoka na mkokoteni wake bila kuaga.
Effie alikata mstari daftarini, polepole, kwa rula.

Usiku nilimwaza mwenye mlango,
mkaguzi, herufi mbili tu za jina,
akilibana kila robota kwa koleo huku akijua
kitani kikioza njiani watarudi kumtafuta yeye.
Sijui kama walirudi.
Tuliokuja ni sisi,
tumechelewa,
tumemshika kichwa chini.