Tarehe ya Kuzaliwa

Mfasiri wa Butwal anavua miwani.
"Cheti chasema elfu mbili sitini na mbili.
Huko uendako, binti, mwaka huo haujazaliwa."
Anatoa hamsini na sita na ushei, kwa vidole,
nami nanywea kama kitambaa kipya majini.

Picha: masikio wazi, usicheke.
Taarifa ya benki: fedha za mjomba Tikaram
zimelala kwetu miezi sita,
mgeni asiyefungua begi.

Nyumbani mama anauliza kama ipo karatasi
ya kuandika kwamba usiku ule mto ulimeza daraja,
mkunga akavushwa kwa kamba, taa mdomoni.

"Fomu haina kisanduku hicho, mama."

Ananyamaza. Anawasha pasi,
anainyoosha bahasha
iliyokwisha kunyooka.