Kifua cha Bomba

Nyumba yetu Tibirinzi iko bondeni,
barabara inapita juu ya paa la jiko.
Maji ya mvua huja kwetu bila kubisha hodi,
na yetu hayana pa kwenda.

Karo alilichimba baba mkwe
mwaka ule wa karafuu nyingi,
akalijengea mawe, akalifunika zege,
akasema, "Hili litatuzika sote."
Masika ya juzi lilijaa, likafumka,
likaanza kusimulia yetu kwa majirani:
jana tulikula nini,
nani tumbo limemchafuka,
nani kaoga maji mengi kabla ya adhana ya alfajiri.
Mize wa nyumba ya pili akafunga dirisha.
Hakusema neno.
Hilo ndilo lililoniuma.

Na hapo hapo, chini ya ukingo wa ua,
limepita bomba jipya, jeusi, nene kama paja,
linalopandisha uchafu wa mji hadi mabwawani.
Shemeji Hamadi akasema, "Si hili hapa?
Riziki imekufuata mlangoni."
Akaja na keekee baada ya isha.

Tundu la ukubwa wa kidole.
Halikunywa.
Lilitema:
kofia, shati, ukuta, mlimau, kanga mbili kambani,
na Hamadi kalikalia kwa tambara
akisoma kila dua aijuayo, na nyengine asizozijua.
Kwa dakika ishirini
mji mzima ulikuwa uani kwetu.

Fundi Shaame wa mamlaka hakutukaripia.
Alilifunga bomba bangili ya chuma,
akanawa mikono mara tatu,
akachora mchangani kwa kijiti:
"Mtaro huteremka, bibi. Unamwaga, ukenda zako.
Hili limebanwa. Lina kifua.
Atakaye kuingia humo
sharti asukume kulishinda."

Basi tukajaza fomu. Tukalipa faini, tukalipa na ada,
sheha akagonga muhuri,
tukangoja wiki kumi na moja.
Nikauza bangili, na yangu si ya chuma.
Likaja pipa la kufukia, pampu yenye meno,
na vali yenye ulimi,
ulimi ambao Shaame alinigusisha kwa kidole:
"Kwenda, unafunguka. Kurudi, hata ukiulilia."
Nikaufikiria wangu mimi,
unaofunguka huku na huku.

Sasa usiku, vyombo vikishaoshwa,
pipa hujaa taratibu hadi alama yake,
pampu hunguruma kidogo
kama mtu anayekohoa chumba cha pili
ujue kuwa yumo.
Kisha kimya.
Yetu yamekwenda, yamechanganyika na ya watu,
na bomba halisemi la nani ni lipi.

Umeme ukikatika Kazija hukimbia vyumbani:
"Msimwage! Hata ya kunawa! Kwenye ndoo!"
Nyumba nzima huzuia pumzi,
wageni nao,
mpaka taa zirudi.

Juzi Mize kafungua dirisha.
Karo lake nalo limeanza kutoa jasho.
Nilidhani ataniuliza bei.
Akautazama mkono wangu,
pale bangili ilipoacha alama nyeupe,
akautazama sana,
kisha akauliza tu
ule ulimi wa vali
hutazama upande gani.