Majibu Yasiyoenea Kwenye Fomu

Jina la kijiji: Warimure.
Liandikeni vizuri safari hii. Mwaka jana mlituita Warimura
na dawa zetu za malaria zikaenda kwa wengine huko milimani,
wakazipokea, wakashukuru, wakanyamaza.

Nchi: Guyana,
ingawa redio yetu hushika Kireno tu,
sukari tunainunua Brazili,
na kijana akiota usiku, huota dhahabu.

Idadi ya watu.
Jumatatu tulikuwa mia moja arobaini na watatu.
Jumanne Aldwin wa Delfina alifunga mzigo kwenye baiskeli,
akamuaga kuku wake mwekundu kabla ya kumuaga mama yake,
akaenda migodini. Toa mmoja.
Alhamisi usiku Rosita akajifungua,
mimi tochi nimeing'ata kwa meno. Ongeza mmoja.
Kwa hiyo bado ni mia moja arobaini na watatu,
nanyi huko mjini mtasema hakuna kilichotokea.

Umbali kutoka barabara kuu.
Kiangazi au masika?
Kiangazi ni kutwa nzima kwa mkokoteni wa maksai,
vichuguu vimesimama mbugani
kama watu waliosahau walichotumwa.
Masika mbuga yote ni maji,
samaki wanapita katikati ya goli la shule bila kipa,
na umbali unategemea nani ana mtumbwi,
na mgonjwa ana uzito gani.

Umeme: paneli moja, juu ya zahanati.
Simu saba hulala chini yake kama vifaranga,
japo mtandao uko kilimani kwenye mkorosho wa mwisho,
tena kwa aliye mrefu.

Shule: ipo.
Mwalimu: njiani, tangu Februari.

Chakula kikuu: muhogo. Ule mchungu, wenye sumu.
Tunaumenya, tunaukuna, tunaushindilia ndani ya matapi,
kifumbu kirefu kama nyoka aliyening'inizwa mkia,
kisha Bibi Ermelinda anaukalia mti wa kukamulia
kwa miaka yake themanini na uzito wake wote,
na maji yanachuruzika.
Maji hayo huua ng'ombe.
Yeye huyachemsha tangu asubuhi mpaka yawe meusi, mazito, matamu,
nyama ikilala humo haiozi.
Nimetafuta kisanduku cha ujuzi huo. Kuna "ufundi cherehani"
na kuna "mengineyo".

Lugha.
Bibi huyohuyo alichapwa shuleni kwa kusema Kimakushi.
Sasa wanamjia wageni wenye vinasa sauti,
wanamlipa akiseme.
Huwapa maneno ya kawaida: jiwe, moto, shemeji.
Mengine, anasema, bado yanamuuma vidole.

Magonjwa: malaria, kuhara, migongo.
Mwezi wa sita kulikuwa na homa ambayo sikuijua jina,
nikaiandika "homa".
Waliokufa: mmoja. Mnataka umri kwa miaka.
Alikuwa na siku tisa.

Mahitaji ya kijiji (mistari miwili).
Mashine ya mtumbwi. Kwinini. Mwalimu mwenyewe, si barua yake.
Neti. Betri za redio.
Kalamu pia, maana hii imeanza kukwaruza
na kuanzia hapa naandika kwa penseli ya mtoto.

Jina la aliyejaza: Filomena, mhudumu wa afya,
miaka kumi na minne, mshahara miezi kumi na moja kati ya kumi na miwili.

Na hapa pambizoni, kama kuna anayesoma pambizo:
karani yeyote wa mpakani akimwona kijana Aldwin,
baiskeli ya bluu, haina breki,
amwambie kuku wake mwekundu ametotoa saba,
mwewe kachukua mmoja.
Mama yake hakunituma.
Alipita tu hapa zahanati, akasimama mlangoni,
akanieleza habari za kuku.