Kipimo cha Ijumaa

Tisini na nne na nusu. Bwana Dursun hakupepesa macho.
Alilamba ncha ya penseli, akaandika,
akafunga daftari kama mtu anayefunika chungu cha jirani.
"Wiki ijayo vua viatu," akasema,
"usije ukalipia uzito wa ngozi ya ng'ombe."

Daktari alikuwa ameniambia sukari imepanda,
magoti yamechoka kunibeba,
kilo kumi na tano zitoke na zisirudi.
Nyumbani sikutaka mizani. Nina dada mwenye ulimi.
Nikamchagua mzee wa kando ya njia,
pale ngazi za Tophane zinapoanzia, mjini Bursa,
na mizani yake ya bafuni juu ya boksi la machungwa,
na daftari la shule lenye picha ya treni.

Mimi ni fundi cherehani. Miili naijua kwa sentimita:
kiuno cha mke wa mwoka mikate,
bega lililoinama la karani wa posta.
Wangu nilikuwa nimeuruka miaka ishirini,
nikijishonea magauni ya kukisia.

Basi nikaanza. Ngazi mia na kumi na mbili kila asubuhi,
wiki ya kwanza nikipumzika mara sita
na kujifanya natazama paka.
Chai bila sukari; Mungu anisamehe sura niliyoikunjia ile glasi.
Baklava ya harusi ya mpwa wangu niliinusa tu,
halafu, msiniulize, nikala tatu.
Ijumaa ile sindano ilipanda. Dursun akaandika.
Hakusema neno, na ndilo lililoniuma.

Tisini na mbili. Tisini na mbili. Tisini na moja na robo.
Haba na haba hujaza kibaba, husema wahenga;
hawakusema kwamba haba na haba pia hukimwaga.
Sketi yangu ya kijivu niliipunguza Machi,
nikaipunguza tena Mei,
mshono ndani ya mshono, kama maganda ya kitunguu.

Juni nikapanda ngazi zote bila kusimama.
Nilifika juu nikitaka kumwambia mtu.
Alikuwapo paka tu. Nikamwambia.

Themanini na nne! Nikapiga makofi barabarani.
Ndipo upepo ukafunua ukurasa wa pili
nikaona safu nyingine, mwandiko uleule, Ijumaa zilezile:
sabini na moja. Sitini na nane. Sitini na tano. Sitini na moja.
"Nani huyu," nikauliza, "anayenishinda?"
Akavuta mkanda wake hadi kwenye tundu jipya,
tundu lililotobolewa kwa msumari.
"Huyu," akasema, "hafanyi mazoezi."

Sikujua niiweke wapi mikono niliyopigia makofi.

Jioni aliniletea suruali mbili ndani ya mfuko wa nailoni.
Nikamzungushia utepe kiunoni,
na namba niliyoisoma sikuitamka.
Nilizipunguza kwa uzi uleule wa sketi yangu,
ila kitambaa cha ziada sikukikata.
Nilikikunja ndani, upana wa vidole vitatu,
ili siku akinenepa nifumue.

Dursun, kwa lugha yetu, ni "abaki":
jina apewalo mtoto baada ya wenzake kuzikwa.

Ijumaa hii nimempelekea supu ya dengu kwenye chupa ya chai.
Nikapima mimi kwanza: themanini na tatu. Akaandika.
Kisha nikamwambia apande yeye, mimi nisome.
Akapanda, mkono mmoja begani kwangu,
mwepesi kama koti lisilo na mtu.
Nami nikasogeza kidole gumba cha mguu,
polepole, hadi kwenye ukingo wa mizani.

"Sitini na mbili," nikasoma.

Aliutazama mguu wangu kwa muda mrefu.
"Müberra," akasema, "hujavua kiatu."
Akalamba ncha ya penseli,
akaandika sitini na mbili.