Kabla Hujapima

Ndekirwa, jana nilipita kwako Kiborloni,
nikaiona meza yako ya risasi:
makopo mawili ya baruti, yote wazi,
redio inatangaza mpira,
kikombe cha kahawa ubavuni mwa mizani.

Funika kopo moja. Zima redio.
Kahawa kanywee barazani,
uangalie kama mlima umejifunua.

Mimi nami vipimo nilivibeba kichwani.
Umeme ukakatika nikijaza ganda la kumi na saba;
uliporudi, nikaendelea
nilipodhani niliishia.
Ganda moja lilikula mara mbili.
Nililijua uwanjani, lilipocheua.

Siku hizi nikisita tu, namwaga yote,
naanza na moja.
Aikande huuliza: "Baruti ghali hivi, huoni hasara?"
Namwonyesha kidole
ambacho hakipo.