Namba Bila Neno

Newala, Oktoba. Ghala linanuka magunia mapya,
na salfa ya mwezi wa saba bado imo kwenye vitufe:
herufi J inakwama,
nikiipuliza napiga chafya.

Mizani mpya haielewani na kompyuta.
Toleo tulilonalo, la Aprili, halikuwahi kuijua;
dawa yake iliandikwa Agosti na mtu nisiyemfahamu,
ikamiminwa kwenye chungu kisichoepuliwa.
Humo kila siku huchotwa upawa mmoja:
ndiyo nakala ya leo.
Ya jana haipo. Haina hata kaburi.
Ya leo imekalia kiti chake, imevaa jina lake.

Nilichota saa saba usiku kwa bando la mwisho.
Ikawaka. Mizani ikasoma.
Na pale juu, palipozoea kuandikwa *majaribio*,
namba tupu,
namba ya toleo lijalo, imesimama peke yake.

Nikampigia Somoe, karani wa stakabadhi.
"Limetoka!"
"Limetangazwa?"
"Lina namba."
Akacheka kwa usingizi, binti wa Kitangari.
"Mimi jina la unyagoni nililipata siku tatu kabla ya kutoka.
Mama mdogo akaliropoka kisimani,
akatozwa kuku.
Mwali ana jina, Chipoka. Hajatoka."

Nikamwona mshamba. Mimi, mwenye cheti ukutani.

Asubuhi nikaagiza kifurushi cha stakabadhi.
Kompyuta ikaiona namba isiyo na neno,
ikaamini kama nilivyoamini,
ikaenda kubisha hodi kwenye nyumba ya toleo.
Nyumba haijajengwa.
Ikarudi, ikaenda tena, ikarudi.
Nje foleni imefika kwa muuza mihogo,
na Bwana Nanjota, magunia kumi na moja,
anauliza kama mashine nayo
inasubiri bei ipande.

Somoe alifungua daftari, akaandika kwa mkono
mpaka adhuhuri. Hakunitazama.
Ndipo nikaiambia kompyuta, kwa neno moja tu:
chungu kile kile. Upawa wa leo, mboga ya leo.
Ikashuka kama mvua.

Jioni alikata kipande cha plasta,
akachukua kalamu ya kuandikia magunia,
akabandika ubavuni mwa mashine.
Si namba. Tarehe.

Toleo lilitoka Novemba, siku ya mnada wa tatu,
na sahihi yake, na ufunguo wake, na tangazo.
Nikaliweka. Namba ile ile,
rangi ile ile ya maandishi, J ile ile inakwama.
Kwa macho hungejua kama kuna kilichotokea.
Nikaikwangua plasta kwa ukucha.
Gundi ikabaki.

Somoe hakusema kitu.
Aliniuliza tu, akihesabu risiti,
kuku siku hizi sokoni
ni shilingi ngapi.